Sheria ya Tano ya Meza ya Gololi

Jumanne moja baada ya sala ya alasiri, Mwinga seremala aliweka pimamaji juu ya meza aliyomaliza kuipaka nta asubuhi hiyo. Kiputo cha hewa kilikaa katikati ya mistari miwili, kikatulia. Aliigeuza pimamaji upande wa pili, kiputo kikatulia vilevile. Akaridhika, akatoa gololi moja mfukoni na kuiweka katikati ya meza. Gololi ilikaa kidogo, kisha ikaanza kuviringika taratibu kuelekea mlangoni. Ilipanda ukingo wenye urefu wa vidole viwili, ikaanguka chini, ikaendelea juu ya mchanga wa sakafu hadi miguuni pa dada yake Mbodze, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia na bakuli la muhogo wa nazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kitu chako hiki kimenijia mguuni."

"Hebu nishikie. Na usogee kidogo mkono wa kushoto."

Mbodze akasogea kushoto. Mwinga akaweka gololi nyingine katikati ya meza, nayo ikaenda kushoto. Akamwomba asogee kulia, ikaenda kulia. Mwinga alijikuna kidevu kwa penseli, kisha akaandika ukutani, chini ya mambo mengine yaliyohitaji kurekebishwa: *Miguu, sawa. Vigingi, vifupi mno. Gololi humfuata dada.* Baada ya hapo wakakaa kula muhogo.

Meza hiyo ya mchezo iliagizwa na Kavata, mwenye duka la pale Kinondo, aliyeshuka kutoka Ukambani na mumewe mwaka wa kwanza wa uhuru. Barazani kwake palikuwa na bao moja. Wawili wakicheza, kumi na wawili walitoa shauri, na hao wa kutoa shauri ndio waliokuwa wakishikana mashati.

"Mimi nataka kitu ya watu wanne," alimwambia Mwinga. "Na yule anangojea zamu afunge mdomo."

Mwinga alikuwa amechonga mabao ya kete tangu ujana wake, na vitanda, na milango, na majeneza pale ilipobidi. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba abuni kitu ambacho hakijakuwapo. Alifurahi hata akakisahau kitanda cha bwana harusi mmoja kikiwa na miguu mitatu.

Alichora, akafuta, akachora tena. Mwishowe alipata meza ya mraba yenye tundu moja kila upande, na chini ya kila tundu kimfuko cha wavu. Mchezaji huisukuma gololi kwa kidole kimoja kutoka upande wake, nayo lazima igonge ukingo wa mbele, ipite kati ya vigingi, irudi na kuingia tunduni mwake mwenyewe. Ikiingia tundu la mwenzake, pointi ni ya mwenzake. Baada ya kila mzunguko, kila mchezaji huhamisha kigingi kimoja apendapo ili kuwatilia wengine ugumu, na hapo ndipo ujanja wote ulipokaa. Wa kwanza kufika thelathini ndiye mshindi. Sheria zilikuwa hizo nne, naye alizichonga ubavuni mwa meza kwa patasi, kwa herufi kubwa, maana aliwajua watu wa Kinondo. Kingo alizivisha mpira wa ndani wa baiskeli, aliopewa bure na Boga fundi baiskeli. Gololi zilikuwa kokwa ngumu za mti wa mkoma, na alizisugua kwa msasa majuma matatu mpaka zikawa duara kamili.

Uso wa meza ulikuwa wa mnazi. Mbao hizo zilikuwa na historia yake.

Mjomba wao, marehemu Kombe, alipanda minazi sitini kule Galu, karibu na ufuo, akawaachia watoto wa dada yake, yaani Mbodze na Mwinga. Mbodze alikaa huko, akakwea umri pamoja na minazi hiyo. Siku moja walifika watu wa kupima mashamba, na karani wao, kijana mtanashati aliyeitwa Kahindi, alimwamkia kwa heshima na kumwuliza, "Mama, ardhi hii ni ya nani?"

Mbodze alijibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri katika upande ule. "Ardhi ni ya Mwenyezi Mungu, mwanangu. Minazi ndiyo yetu."

Kahindi aliandika hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Majirani wa bara zaidi walijibu maneno yale yale, lakini mashamba yao hayakuwa na ufuo, basi hakuna aliyehangaika nayo. Shamba la Galu liliandikwa kuwa halina mwenyewe. Baada ya miaka miwili lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa ni Kahindi.

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye tabu. Alipotaka kuanza nyumba ya mawe ya kupangisha wageni wa baharini, alikwenda mwenyewe kwa Mbodze kumweleza kwamba asiwe na haraka, akae tu katika kibanda chake mpaka kuta zifike linta, juu ya milango na madirisha. Alipokata minazi saba ili kupata nafasi ya msingi, hakuichoma wala kuiuza. Aliipakia kwenye lori na kuipeleka kwa Mwinga, pamoja na salamu. Mwinga alimshukuru kwa moyo wote, kwa sababu katika maisha yake hakuna aliyewahi kumletea mbao mpaka mlangoni. Lori lilipoondoka ndipo alipokumbuka kwamba magogo yale ni ya mjomba wake. Lakini shukrani ilikuwa imekwisha kutoka, nayo hairudishwi mdomoni.

Majaribio yalichukua juma zima. Mwinga, Kavata na Boga walipocheza peke yao, meza ilikwenda barabara. Boga, mwenye vidole vyepesi, alishinda mara nyingi, naye hakuwaficha jambo hilo. Mbodze alipopita kwenda kununua chumvi, gololi zote ziliacha shughuli zao na kumfuata ukingoni kama vifaranga. Mwinga alijaribu kuongeza nta, akajaribu kupunguza nta, akapandisha kingo. Siku ya nne alimwambia dada yake aketi upande wa nne na acheze. Gololi zikatulia papo hapo, zikamtii kila mtu kwa kadiri ya ustadi wake. Mwinga akaandika ukutani: *Kosa lilikuwa kumweka nje ya mchezo.* Alifurahi sana, maana aliipenda meza yake na hakutaka kuichoma.

Kahindi alikuwa akija Jumamosi kuangalia nyumba yake ilikofika, na jioni alikunywa soda kwa Kavata kabla ya kurudi Mombasa. Aliikuta meza, akasoma sheria nne, akavua koti, akaketi mahali pa Mwinga. Gololi yake ya kwanza iligonga ukingo wa mbele, ikapinda kwenye kigingi ambacho haikukigusa, ikaingia tundu la Mbodze. Ya pili pia. Alijaribu kwa kidole cha mkono wa kushoto. Alijaribu kusukuma kwa nguvu, kisha kwa upole. Alizisukuma ishirini na mbili, na zote ishirini na mbili zilikwenda kwa Mbodze.

"Mama, leo hunipi nafasi," alisema akicheka.

"Si mimi, mwanangu. Mimi nimekaa tu."

"Hiyo meza inajua wenyewe," alisema Kavata, akaendelea kupima sukari. Boga alimwomba Kahindi avute kigoda nyuma kidogo, kwa kuwa kuna watu wanangoja zamu.

Kuta za Galu zilikuwa zimefika madirishani. Mbodze alikuwa na pingamizi lake, aliloandikiwa na mwalimu wa madrasa kwa hati nzuri, na ofisa wa kusikiliza pingamizi alitarajiwa mwezi huo. Lilikuwa tumaini lake la mwisho. Alikwisha kuwaambia kuku, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba huenda wakabaki.

Ofisa alifika siku ya Alhamisi. Kwa kuwa baraza la Kavata ndilo lililokuwa na kivuli na meza, akaliweka daftari lake kubwa juu ya meza ya gololi, akaketi upande wa Boga. Alimwuliza Mbodze kama kweli alisema ardhi ni ya Mungu.

"Nilisema. Na ndivyo ilivyo."

"Basi maneno yako yameandikwa sawasawa."

Mwinga hakuwa msemaji. Alisimama na kofia mkononi, akasema, "Bwana Ofisa, nakuomba unyanyue daftari kidogo. Tucheze."

Ofisa alikuwa mtu wa haki, na pia alikuwa amechoka kusikiliza. Akanyanyua daftari. Alicheza yeye mwenyewe kwanza, gololi kumi, nne zikaingia tunduni mwake, jambo lililompendeza. Mwinga alicheza kumi, zikaingia sita. Kahindi alicheza kumi, akiwa amekunja mikono ya shati ili watu waone hana hila. Zote kumi zilikwenda kwa Mbodze. Ofisa aliomba wabadilishane viti. Kahindi akaketi mahali pa Mbodze na Mbodze mahali pa Kahindi, na gololi za Kahindi zikavuka meza na kumfuata Mbodze alikokwenda.

"Nimeona," alisema ofisa. "Hapa hapana tashwishi. Shamba ni la huyu mama."

"Hata mimi naona," alisema Kahindi kwa unyenyekevu.

Mwinga alivaa tena kofia yake. Ofisa alifungua daftari, akapitisha kidole toka juu hadi chini, akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Ila daftari hili lina safu ya jina, safu ya namba na safu ya ukubwa wa shamba," alisema. "Safu ya gololi halina. Na hili jina lililopo, mimi sina mamlaka ya kulifuta kwa kitu kisichokuwa na safu. Poleni sana." Alikuwa amehuzunika kweli. Soda aliyoletewa aliiacha nusu.

Mbodze aliilaza mikono juu ya mapaja. Kisha akauliza, "Lakini umeona, bwana?"

"Nimeona, mama. Sote tumeona."

"Basi nashukuru. Nilidhani nitaondoka pale watu wakisema sikuwa na changu."

Alimaanisha kila neno. Mwinga, aliyekuwa karibu kulia kwa uchungu, alimtazama dada yake na kuona uso wake umekunjuka kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akajikuta naye anashukuru, ingawa hakujua hasa anamshukuru nani.

Kuta zilifika linta siku ya Jumatatu. Kahindi alileta lori lile lile, akateremka mwenyewe kubeba kitanda, mtungi, na kuku wote wanane, mmoja mmoja, huku wakimchafua shati. Mbodze akahamia kwa Mwinga, katika chumba alichokuwa akihifadhi mbao. Kila Jumamosi aliketi upande wake wa meza, na Kahindi upande wa pili, na gololi ziliendelea vilevile.

Baada ya majuma mawili Kahindi alimwita Mwinga kando.

"Fundi, mimi sina neno na meza yako. Lakini nawe fikiri. Mchezo ambao mtu mmoja hawezi kupata hata pointi moja, kweli huo ni mchezo?"

Mwinga alifikiri, na kwa ufundi wake hakuweza kumpinga. Mchezo wa ustadi lazima umpe kila mchezaji njia, na meza yake haikumpa Kahindi njia yoyote. Lilikuwa kosa la mbunifu. Alimwambia dada yake kwamba itabidi aondoe uso wa mnazi na kuweka mvule.

"Mti wa mjomba hautoki hapo," alisema Mbodze. "Nimetoka mimi, yatosha. Kama ni kumpa njia, ongeza sheria."

"Sheria gani, dada?"

Mbodze akamtajia.

Mwinga aliinua patasi, akaishusha, akaiinua tena. Aliona haya, haya ya kweli iliyochoma masikio, na alisema hivyo. Mbodze akamshika bega, akamwambia, "Andika, ndugu yangu. Kila atakayeisoma atauliza sababu, nasi tupo wa kumjibu." Mwinga akapiga magoti kando ya meza na kuichonga chini ya zile nne, kwa herufi zile zile kubwa:

*5. Gololi ya Bwana Kahindi ikiingia tundu la Bi Mbodze, itahesabiwa kuwa ni ya Bwana Kahindi.*

Tangu hapo Kahindi hakushindwa tena. Jumamosi ile ya kwanza baraza zima lilimpigia makofi, na Boga, aliyepoteza ubingwa wake, alimpa mkono bila kinyongo. Gololi zake thelathini zilipinda pembeni mwa vigingi na kwenda kwa Mbodze, na kila moja ilipoanguka, Mbodze aliingiza mkono kimfukoni mwake, akaitoa, akampa. Kahindi alizipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao, akisema, "Ahsante, mama." Naye Mbodze alimjibu, "Karibu, mwanangu," mara thelathini.