Mwenyekiti Anatusikiliza

Siku ya kumzika Dada, Kaka alisimama mbele ya watu akasema marehemu ndiye aliyevusha magodoro ya familia yetu hadi nchi ya pili, na kwamba alifanya hivyo kwa maelekezo yake yeye, kaka mtu. Waombolezaji wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wenzangu, mtandio usoni, nimeuma meno. Sijui kusema mbele ya watu. Ndiyo maana naandika, maana nisipoandika kitakachobaki ni hotuba ya Kaka.

Baba alianza kwa kushona magodoro uani, akafa ameacha viwanda viwili, kimoja hapa na kingine ng'ambo ya mpaka, alikokuwa akisimamia Dada. Baba alipofariki, watu wenye akili wangechagua mwenyekiti mwingine. Kaka alikataa. Alisema kwetu mtoto hakalii kiti cha baba yake. Kwa hiyo kiti cheusi cha ngozi kilibaki wazi kwenye kichwa cha meza ya mikutano, mimi nakifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kuchemsha chai, na Kaka anakaa ubavuni mwake akitueleza Baba anataka nini.

Ujanja huo ulimfaa sana. Kaka yako unaweza kubishana naye. Marehemu utabishana naye vipi? Tena Baba alipokuwa hai alikuwa anabadili mawazo mara mbili kabla ya chai ya saa nne. Huyu wa Kaka hakubadili neno.

Balaa lilianzia kwenye ulaini. Kule kwa kina Dada watu wanapenda godoro gumu, ukilipiga ngumi mkono unarudi. Sisi tulikuwa tunatengeneza laini, la kuzama mpaka masikio. Ghala la Dada lilijaa hadi magodoro yakasimamishwa kwenye korido ya vyoo. Akaomba ruhusa ya kubadili mchanganyiko wa sponji.

"Baba alisema godoro letu ni laini," Kaka akajibu. "Anayetaka gumu akalale sakafuni. Sakafu ni bure."

Mkutano mzima ukacheka. Aliyecheka zaidi ni binamu yetu mhasibu, ambaye tulimwita Sawasawa, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee alilotoka nalo chuoni.

Dada hakukata tamaa. Alimtafuta mama mmoja wa kule mwenye maduka ya vitanda, na mama huyo akakubali kununua magodoro yote magumu ambayo kiwanda kingetoa na kuweka mtaji wake humo. Ilibaki saini ya mwenyekiti tu. Isipopatikana, kiwanda kingefungwa, na Dada alikuwa amekijenga tangu kilipokuwa banda lisilo na mlango.

Yule mama akaja mwenyewe, amevaa miwani mikubwa, pamoja na fundi wake. Wakasalimia, wakakaa, wakakitazama kile kiti. Nikamimina chai. Hawakuigusa. Hawakufungua hata makabrasha yao. Dada ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa sababu kwetu yeye peke yake alijua lugha yao.

"Anauliza tunamsubiri nani," Dada akasema.

"Mwambie hatusubiri mtu. Mwenyekiti yupo."

"Yupo wapi, Kaka?"

"Mwambie anatusikiliza."

Dada akatafsiri. Mama Miwani akatazama dari, akatazama pembe za chumba, kisha akainama kuchungulia chini ya meza. Fundi wake akasema jambo taratibu.

"Wanaomba aongeze sauti," Dada akasema. "Hawamsikii."

Nikageukia ukuta na birika langu. Sawasawa alikohoa hadi machozi yakamtoka. Kaka hakuona cha kuchekesha.

Mgeni akaeleza kwamba kwao hamuwezi kuanza mazungumzo kabla mkubwa wa nyumba hajakaa. Ni kumdharau. Wao watasubiri, hata mpaka jioni.

"Mmeona?" Kaka akatuambia, uso umemnawiri. "Wageni wanamheshimu kuliko nyinyi wanawe."

Basi tukasubiri. Watu wazima, wenye viwanda katika nchi mbili, tumezunguka meza tukimsubiri marehemu. Chai ikapoa, nikaleta nyingine, nayo ikapoa. Mwisho Mama Miwani akauliza kama mzee ni mgonjwa, akasema wako tayari kumfuata nyumbani wamjulie hali.

"Mwambie atafika kwa wakati wake."

Dada akaweka kalamu mezani. "Hilo sitafsiri."

"Kwa nini?"

"Huyu mama ana ndege ya kuwahi, Kaka."

"Mimi ndiye mkubwa hapa. Sema nilivyosema!"

Dada akamgeukia mgeni, akatamka sentensi moja fupi. Mama Miwani akasimama, akaweka mkono kifuani. Fundi akavua kofia.

"Umewaambia nini?" Kaka akauliza.

"Nimewaambia Baba amekufa."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya chumba kile. Tulizoea kusema ametangulia, amepumzika, hayupo, na tukitoka hapo tunapeleka maagizo yake kiwandani.

"Umemuua baba yako mbele ya wageni!"

"Baba kauawa na presha, Kaka. Mimi nimetoa taarifa tu."

Mgeni akatoa pole ndefu, ya adabu, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: basi anayetia saini ni nani?

Hapo ndipo nilipomfahamu kaka yangu vizuri. Kalamu ilikuwa mbele yake. Angesema "mimi" tu, yangekwisha. Lakini akishakuwa mwenyekiti, maagizo yanakuwa yake, makosa yanakuwa yake, na hata sisi wadogo zake tungeweza kumuuliza kwa nini. Akaitazama kalamu kama mtu aliyepewa nyoka amshike.

"Familia itakaa," akasema.

"Anauliza itakaa lini."

"Ikikaa."

"Sawasawa," akasema Sawasawa.

Mama Miwani akakusanya karatasi zake. Mlangoni alimshika Dada mkono, hakumwachia upesi.

Baada ya hapo Kaka alitangaza kwamba Baba ameamua kiwanda cha ng'ambo kifungwe. Jengo na mashine vikauzwa kwa dalali, na dalali akamuuzia Mama Miwani. Kaka alijua, akajifanya hajui, maana kumuuzia moja kwa moja kungekuwa kukiri kwamba alikosea. Dada akaajiriwa kwenye kiwanda kilekile alichokijenga, safari hii akitengeneza magodoro magumu. Kaka akatukataza kumsalimia. Dada alibaki huko mpaka maradhi yalipomzidi.

Lakini ninachotaka kukumbuka ni alivyonipigia simu wiki yake ya kwanza huko. Nilikuwa ofisini.

"Mdogo wangu, wewe! Leo fundi wa mchanganyiko kaniambia mbele ya wote kwamba nimekosea."

"Mungu wangu. Ukamfanyaje?"

"Nimfanye nini? Tukapima. Kweli nilikosea. Dawa nilizidisha, sponji ikatoka kama tofali."

"Na hawakukudharau?"

"Waliniuliza tumwage au tuwauzie wajenzi."

Akaanza kucheka. Tangu tukiwa watoto alikuwa anacheka kwa kuziba mdomo, kwa sababu nyumbani kicheko cha msichana kilikuwa na kipimo chake. Siku hiyo alikiachia chote, mpaka ikanibidi nisogeze simu mbali na sikio.

Kaka akatokea mlangoni. "Unaongea na nani?"

"Na Dada."

"Baba hatafurahi."

"Basi aje aniambie mwenyewe," nikasema. Sikukata simu.