Gauni la Charlène na Fundi Aliyetoka Kwenye Kitenge

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Pascaline aliloweka kitenge kipya katika beseni la maji ya chumvi, kama mafundi wa Bukavu wafanyavyo ili kisinywee baada ya kushonwa. Kilikuwa cha bluu, cha kutoka China, kimenunuliwa Lilongwe. Alipokikamua, akatoka humo mwanamke Mchina, marehemu, amelowa mpaka nywele.

"Karibu, mama. Ikala pale kwa jua, usiniloweshee mashine."

Mgeni aliitwa Xiulan. Alisema Kiswahili cha Bukavu, kwani ndicho kilichosemwa mezani hapo. Kitenge kikakauka, Pascaline akakata gauni; mgeni akashona vifungo huku akisimulia. Mama yake alikula magome ya miti miaka ya njaa kuu. Nchi ilipofungua milango kwa biashara, yeye akashuka pwani kufuma vitambaa. Vyeti vyake vya ukaazi vilikuwa vya kijijini, basi mji ukapokea mikono yake tu, si mtoto wake. Mtoto alibaki kwa bibi.

"Bitenge byangu bilifika Lomé, Kinshasa, mpaka huku kwenu. Mutoto yangu hakufika hata kwa mulango ya kiwanda."

 Pascaline naye aliwahi kuwa na meza ya cherehani kule Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, na Charlène, binti yake, alizoea kulala chini ya meza hiyo juu ya vipande vya vitambaa. Kisha ikatoka amri wakimbizi warudi kambini Dzaleka. Charlène aliachwa kule kwa jirani amalize shule. Gauni hili lilikuwa la sherehe yake ya shule ya Jumamosi, na mama alinyimwa kibali cha kutoka kambini.

Xiulan akalipeleka yeye. Mbaraka, mchuuzi wa jirani, alimwona akipanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria.

"Mama Charlène, mugeni yako hana kibali!"

"Alikufaka, papa Mbaraka. Bantu ba kufa habaombake kibali."

"Njo bahati yabo. Aniletee sukari."

Kwenye kizuizi cha barabarani polisi walimpisha. Jumapili akarudi na sukari, na gauni.

"Halikumuingia. Alivaa sare ya masomo."

Pascaline alikuwa amelikata kwa kipimo alichokikumbuka, cha siku waliyoagana na binti yake.

"Mi pia," Xiulan akasema. "Biatu nilituma kila Mwaka Mpya bilikuwa bidogo."

"Charlène amefika wapi kwa urefu?"

Xiulan akaweka mkono wake wa baridi chini ya sikio la Pascaline. Pascaline akaushika pale pale, hakuuachia upesi. Kisha akachukua futi akapima, na akaongeza kidogo, kwa sababu ofisi ilisema aombe kibali tena mwakani.