Kiti cha Wateja

Katika wauzaji wote wa Nyundo, baba mkwe wangu ndiye peke yake aliyefurahi ilipoanza kufa.

Nyundo ilikuwa mnada wa mtandaoni. Unapiga picha kitu chako, unaandika maelezo, unaweka bei ya chini unayoikubali, watu wanashindana kupandisha dau, na muda ukiisha aliye juu anachukua. Kila dau lilipoingia simu iligonga, ko! kama nyundo ya mwendesha mnada mezani. Mimi nilikuwa nauza humo vyombo vilivyotumika: sahani, vikombe, birika zisizo na vifuniko, na vifuniko visivyo na birika. Kuna miaka simu yangu iligonga tangu chai ya asubuhi mpaka wakati wa kulala. Mume wangu alikuwa akiwaambia watu ameoa seremala.

Kisha mambo yakaenda kombo. Kwanza walipandisha ada. Halafu wakaingia wenye viwanda, kila mmoja na maelfu ya sahani zinazofanana, wakatufunika sisi wa sahani moja moja. Ukilalamika ulijibiwa na mashine iliyokushukuru kwa maoni yako. Ukiitukana, ilikushukuru tena. Wanunuzi nao wakahama bila kuaga. Tulikuwa na kundi letu la wauzaji kwenye simu, na huko kulikuwa kilio asubuhi, kilio jioni. Muuza saa alikuwa akiandika kwamba leo tena hajapata hata wa kuulizia. Mama mmoja wa mapazia alimjibu kwamba yeye ameshaanza kuyashona yawe mifuko. Nilisoma hayo roho ikiwa juu, maana sikuwa na kazi nyingine.

Baba naye alikuwemo kundini. Aliandika kwa herufi kubwa, HALI NI MBAYA NDUGU ZANGU, kisha akaweka simu chini na kuitisha chai kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Sababu ya furaha yake ilikuwa sebuleni. Baba alikuwa kinyozi. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka alijitahidi kuuficha, lakini mteja akishaona wembe unacheza karibu na sikio lake, harudi. Akafunga kazi, akagawa mikasi na vioo, akarudi nyumbani na kiti. Ni kiti cha chuma na ngozi nyekundu, chenye pedali ya kukipandishia, kizito kiasi kwamba wanaume wanne walikiingiza ndani wakitukana chinichini kwa heshima ya mama mkwe. Baba akakiweka kati ya kabati na dirisha, akakifunika kile kitambaa cheupe alichokuwa akiwafunga wateja shingoni. Kwenda jikoni ilibidi upite kiubavu. Goti langu la kushoto lina kumbukumbu zake mpaka leo.

Na kilikuwa hakikaliwi. Siku moja nilimwona Mama amekaa ukingoni mwake, karibu na mwanga wa dirisha, anatunga uzi kwenye sindano. Baba akaingia, akasimama.

"Hicho ni cha wateja," akasema.

Hakusema kwa ukali. Mama aliinuka, akaenda kutungia sindano yake mlangoni. Lakini jioni ile ile alitamka mbele yetu sote kwamba amechoka kuishi na fanicha ya watu wengine, na kiti hicho kiuzwe. Baba akasema sawa, kiuzwe. Hakubishana hata kidogo, na hilo peke yake lilitosha kunishtua.

Mimi ndiye niliyekipandisha mnadani, kwa akaunti yangu, kwa sababu Baba alidai kwamba hajui mambo ya kisasa. Maelezo alinisomea mwenyewe huku akitembea na mikono mgongoni. "Andika: kiti kizito mno. Andika: kina kutu chini. Andika: pedali imegoma, haipandi wala haishuki." Picha aliipiga yeye, dirisha likiwa nyuma, hivyo kilichoonekana ni giza lenye miguu. Bei ya chini aliyoitaja ungeweza kununulia pikipiki. Nilimwambia, Baba, kwa bei hiyo hakitaondoka. Akanitazama kwa macho makavu na kusema tusubiri, mwenye macho atakiona.

Tulisubiri miaka mitatu. Alijitokeza mtu mmoja tu, akauliza kama hicho ni kiti au ni jiko. Mama alipouliza kiti kimefikia wapi, Baba alimjibu, "Kipo mnadani, mke wangu," na kweli kilikuwepo. Kadiri Nyundo ilivyopoteza watu ndivyo alivyozidi kunawiri. Ijumaa, Mama akienda sokoni, alijifungia sebuleni kusikiliza taarifa ya habari, na chumba kikanuka mafuta ya cherehani hadi usiku.

Tangazo lilikuja Jumatatu. Nyundo inafungwa mwisho wa wiki. Vitu vyote vilivyokaa mnadani zaidi ya mwaka mmoja vitauzwa Jumamosi saa nane mchana, bila bei ya chini, na haviondoleki. Muuzaji atakayekataa kutoa mzigo, fedha zake zote zilizomo zitazuiliwa. Masharti hayo tuliyakubali sisi sote siku ya kwanza, kwa kubonyeza mahali palipoandikwa kwamba tumesoma na kuelewa. Katika kundi zima hakupatikana hata mmoja aliyesoma, seuze kuelewa.

Nilimpelekea Baba simu. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Bila bei ya chini ndiyo nini?"

"Ni kwamba mtu akitaja hata bei ya kilo moja ya sukari, na wengine wakanyamaza, kiti ni chake."

"Na tukigoma?"

"Wanashika hela zangu za vyombo, Baba. Akaunti ni yangu."

Mkono ulikuwa unamtetemeka juu ya goti, akaufunika kwa ule mwingine. "Basi hatugomi," akasema. Mpaka hapo nilikuwa nimeyaona mambo ya kiti kama mchezo wa mzee. Siku ile nilimhurumia kabisa, na nilimpenda.

Mwenye akaunti haruhusiwi kupandia dau kitu chake, lakini Baba hakuwa na akaunti. Nikamfungulia moja kwenye simu yake. Jina alilolitaka ni Wembe. Fedha angetoa katika akiba yake ya meno, maana alikuwa amepungukiwa meno mengi na daktari alikwishampimia mapya. "Mama yenu asijue," akaniambia. Mume wangu nilimweleza, kwa sababu simfichi kitu, akacheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kinachomchekesha. "Mimi simo," akasema. "Hayo ni mambo ya wakubwa." Jumamosi akaondoka kwenda kazini mapema kuliko kawaida yake.

Saa saba na nusu tulikuwa sebuleni, Baba na mimi, kila mmoja kwenye stuli yake, kiti kikiwa katikati yetu na kitambaa chake. Sauti ya simu tuliipunguza. Mama alikuwa jikoni, ametuambia anakata vitunguu.

Dau la kwanza liliwekwa na mtu aliyejiita Mpita Njia. Lilikuwa dogo la kutukanisha. Jikoni kisu kilisikika kinagonga ubao.

"Huyu hana haya," Baba akasema, na akataka kubonyeza mwenyewe. Kidole kilitetemeka, kikabonyeza mara mbili.

"Baba, umejipandishia."

"Nani kanipandishia?"

"Wewe mwenyewe. Ulikuwa juu, ukajipita."

Akanikabidhi simu. Mpita Njia akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza tena, papo hapo, bila kuvuta pumzi. Nilitegemea mtu wa kubahatisha ambaye angechoka mapema; huyu alikuwa king'ang'anizi. Baba alihesabu kwa njia yake.

"Hapo tumefika meno mawili," akasema. "Ongeza."

Niliongeza.

"Meno ya mbele yote hayo. Ongeza."

"Baba, utakula nini?"

"Uji. Ongeza, mwanangu."

Zilibaki dakika tatu, na tulikuwa tumeshamaliza taya la juu. Jasho lilikuwa linanitoka kama naiba. Tukapanda tena, tukakaa kimya kusubiri, na katika ukimya ule nikasikia kisu cha Mama kikigonga ubao mara moja, ko! Simu mkononi mwangu ikaonyesha kwamba Mpita Njia amepanda. Nikaongeza. Kimya. Ko! moja jikoni, na Mpita Njia akapanda. Hakuna mtu duniani anayekata kitunguu namna hiyo.

"Nakunywa maji," nikamwambia Baba, nikapita kiubavu.

Mama alikuwa amesimama mbele ya ubao. Vitunguu vilikuwa vizima. Kisu kilikuwa sinkini. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, na kidole chake kilikuwa kimesimama juu yake, tayari. Aliponiona hakukiondoa.

"Mama! Ni wewe?"

"Ni mimi. Mwanangu alinifungulia. Na huyo Wembe najua ni nani, msidhani mimi mjinga."

"Sasa unashindana naye kwa nini? Si ulitaka kitoke?"

"Nilitaka kitoke mikononi mwake," akasema. Alisema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Amekaa nacho miaka yote hiyo, ni cha wateja, ni cha wateja. Mji mzima umekikalia, hata wakopaji. Mimi nikitia hata nusu ya kiuno, nainuliwa. Nikimwomba atanipa, najua. Sitaki kupewa."

"Na hela?"

"Za kabati jipya. Kabati lenyewe lingekaa wapi?"

Kutoka sebuleni Baba aliita, "Mkwe! Mbona umeondoka na simu? Ametupita, ongeza!" Simu yake ilikuwa mkononi mwangu, na sekunde zilikuwa zinayeyuka. Ningebonyeza, Mama angebonyeza, na ada ya Nyundo ingezidi kumega meno na kabati. Ningemwita Baba aje aone, Mama angeaibika, na asingenisamehe. Mama hakuniomba chochote. Alinitazama tu, macho yakiwa mekundu, na safari hii kwa kweli hakukuwa na kitunguu kilichokatwa.

Nikaiweka simu ya Baba kwenye mfuko wa gauni langu.

Simu zikagonga zote mbili kwa pamoja, mara tatu, kama ilivyokuwa desturi ya Nyundo kitu kikiuzwa.

Niliporudi, Baba alikuwa amesimama. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kimekwenda?" nikamjibu kimekwenda. Akatikisa kichwa mara kadhaa, akavuta leso mfukoni na kuanza kufuta mikono ya kiti, ule wa kulia, ule wa kushoto, kisha akachuchumaa kwa shida kufuta chini, pale alipokuwa ameandikisha kwamba pana kutu. Hapakuwa na kutu. "Mwenyewe akija akikute safi," akasema. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaingia anafuta mikono kwa kanga. Alipita mbele ya mumewe, akakivuta kile kitambaa cheupe, akakikunja mara nne bila haraka na kukiweka kwenye kabati. Halafu akageuka, akakaa. Hakukaa ukingoni. Alijitupa mpaka mwisho, mgongo kwenye ngozi, mikono kwenye mikono.

Baba alifungua mdomo. Nilijua neno linalokuja.

"Nimekinunua," Mama akasema. "Angalia simu yako. Mpita Njia ni mimi."

Baba alinitazama mimi. Mimi nilitazama dirisha. Kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu, akawa kama mtu anayetaka kucheka ambaye hajui kama anaruhusiwa.

"Kwa bei ile?" akasema hatimaye. "Umerogwa?"

"Nani alikuwa ananipandishia?"

Hapo akacheka, na mapengo yake yote yakaonekana. Alicheka mpaka akakishika kiti asianguke. Mama hakucheka. Alikuwa anasubiri, kidevu juu, mtu aliyelipia anayejua haki yake. Baba akaliona hilo, akaacha kucheka. Akaenda kabatini, akachukua kitambaa, akakikung'uta mara moja hewani kama alivyokuwa akifanya kazini, akamfunga mkewe shingoni. Fundo lilimsumbua kwa sababu ya mkono. Mama hakugeuka kumsaidia, na mimi sikusogea. Alipolimaliza akasimama nyuma yake.

"Karibu," akasema. "Tukufanyie nini leo?"

"Nipandishe kwanza."

Baba akaweka mguu kwenye pedali, ile iliyogoma miaka mitatu, na Mama akapanda taratibu, bila mlio wowote, mpaka uso wake ukafika kwenye mwanga wa dirisha.

Nyundo ilikata ada yake kwenye mauzo hayo, ikafungwa usiku ule. Fedha zilizobaki zilitoka kwa Mama zikapita kwangu zikaenda kwa Baba, na kwa sasa zinarudi kwa Mama kidogo kidogo kwa njia wanazozijua wenyewe. Kabla ya kufungwa, kila mnunuzi aliombwa aandike neno juu ya muuzaji wake. Kwenye ukurasa wangu, baada ya miaka yote ya sahani na vikombe, neno la mwisho ni la Mpita Njia. Ameandika kwamba maelezo ya muuzaji ni ya uongo, kiti hakina kutu wala pedali haijagoma. Chini yake ameongeza kwamba mzigo ni mzuri, ila umechelewa sana kufika.