Anwani ya Parokia

Mwanangu Parfait, aliyeko Ubelgiji, alikuwa akiniandikia kupitia barua pepe ya parokia yetu ya hapa Kashikishi. Mwaka 1998 parokia ilipobadilisha kampuni ya intaneti, karani Marlène alinionya.

"Mama, ile adresi ya zamani itafungwa Ijumaa. Muandikie mutoto leo, umupe ya mupya."

"Nilipohama kutoka kijiji cha Kabuta," nilimjibu, "barua zilinifuata hapa kwa baiskeli za wachuuzi wa samaki. Watu wananijua."

"Kompyuta haijue mutu, Mama!"

Nilimcheka, nikaenda zangu.

Mwezi wa Agosti jamaa zetu wa Kongo waliniletea habari. Parfait alikuwa ameniomba baraka za ndoa mara nne, kwa ile anwani iliyofungwa. Alipokosa jibu, alifunga ndoa akiamini kwamba nimemkatalia. Siku hiyohiyo nilimwandikia kupitia anwani mpya, lakini mkwe wangu alikwisha kuingia nyumbani kwa Parfait bila neno langu la baraka.