Kifua cha Mpiga Tarumbeta

Mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi, ambaye watu wote walimwita Honi, aligombana na fundi cherehani wake kwa sababu ya shati.

"Umenishonea gunia," alilalamika. "Hapa kifuani tunaenea wawili."

"Vipimo ni vilevile vya siku zote, kaka. Wewe ndiye umepungua."

Honi akanuna. Nyumbani mkewe akaegemea upande wa fundi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Ukigeuka ubavu, mume wangu, umekuwa ubao wa kupigia pasi. Nenda hospitali."

"Sikohoi, sina homa. Nikamwambie daktari nini, shati kubwa?"

Ndivyo hasa alivyokwenda kumwambia, baada ya kuishiwa pumzi katikati ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Bibi harusi wa watu alibaki na mguu mmoja hewani, hajui aukanyage au aurudishe.

Daktari wa mapafu, mama mmoja mtaratibu, hakucheka. Alimvua hilo shati, akamtazama kutoka ubavuni, akampima unene wa kifua, kisha akaagiza picha. Sehemu za juu za mapafu yote mawili zilijaa makovu. Ungedhani ni kifua kikuu, ila vipimo vyake vilirudi safi, mara mbili.

"Ugonjwa huu ni adimu," daktari alieleza. "Pafu linageuka kovu, linasinyaa, na kifua kinakuwa bapa. Wengi huletwa hapa na kikohozi. Wewe umeletwa na shati."

"Kwa hiyo fundi alisema kweli," Honi alijibu, kinyonge, kama aliyeshindwa kesi.

"Kweli tupu. Makovu hayafutiki, baba, lakini tutajitahidi yasienee haraka. Na tarumbeta basi. Pafu kama hili ukilisukuma kwa nguvu linaweza kutoboka."

Honi alirudi nyumbani, akaitundika tarumbeta ukutani. Mkewe, aliyekuwa ameomba miaka yote apate utulivu ndani ya nyumba, sasa alipopewa akaangua kilio.

Bendi haikumwacha. Walimkabidhi ngoma kubwa, akawa anaipiga ameketi, polepole, akipumzika anapochoka. Harusi ya kwanza mkewe alifuatana naye ili amchunge asijitutumue. Wimbo wa pili haujaisha, huyo mchungaji wake alikuwa katikati ya ukumbi, kibwebwe kiunoni, anacheza.