Mfuko wa Kulia

Miaka ishirini imepita, na mpaka leo nikiona koti jeupe la daktari, macho yangu huenda kwanza kwenye mfuko wa kulia.

Kila Jumatatu koti la mganga mkuu lilifika kwetu, chumba cha kufulia cha hospitali, mfuko huo ukiwa na doa la zambarau. Shangazi yangu, mkuu wa wafuaji, hakuuliza kitu. Alichuma forosadi mbichi kwenye mforosadi alioupanda mwenyewe nyuma ya kamba za kuanikia, akaziponda, akalisugua doa mpaka likaisha. Forosadi mbivu, tunda dogo la zambarau tupu, huchafua; mbichi husafisha. Sabuni haifui dafu mbele yake.

Mti ule ulikuwa na kazi nyingine. Akina mama waliojifungua na kupoteza damu walipelekewa bakuli la mbivu. Majani aliyakausha kivulini, akawachemshia wazee wenye sukari, na kila mmoja alimwonya: "Hii inashusha sukari, baba. Vidonge usiache, na mwambie nesi umekunywa." Manesi walijua. Wengine walikuja na vikombe vyao.

Halafu zikaja habari kwamba wakaguzi wanakuja. Mganga mkuu akapita wodini, akakuta bakuli chini ya kitanda na shuka lenye madoa. Akatukusanya wote uani.

"Hii ni hospitali, si kilinge!" alifoka. "Nani anawalisha wagonjwa uchafu huu?"

Manesi, hata wale wa vikombe viwili viwili, wakatazama viatu vyao. Shangazi akainua mkono. Akafukuzwa palepale. Miaka kumi na tisa ya kufua damu na matapishi ya watu, ikaishia hapo! Na huyo bwana anafoka akiwa ndani ya koti ambalo shangazi alilisafisha kwa mikono yake. Koti lake la pili lilikuwa kwenye kapu langu saa ileile, mfuko umelowa zambarau. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nikapiga hatua moja mbele.

Shangazi akanishika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Kibarua chako nacho kisiote nyasi."

Nikanyamaza. Sijajisamehe mpaka leo.

Jioni hiyo mti ukakatwa, kisiki kikamwagiwa mafuta taa. Mimi nikabaki na kapu. Koti alilolivua mganga mkuu siku hiyo nikaliloweka kwenye beseni. Lile la pili nikalifua kwa sabuni, nikalitia wanga, nikalipiga pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Asubuhi nikampelekea kwenye kikao, mbele ya manesi wote.

Akalikunjua. "Mbona doa halijatoka?"

"Dawa yake ni forosadi mbichi, daktari. Shangazi ndiye aliyekuwa anakutolea kila Jumatatu. Mti mmeukata, na yeye mmemfukuza."

Nesi mmoja akakohoa.

"Lete jingine," akasema kwa sauti ndogo.

"Jingine limo majini."

Nje gari la wakaguzi lilikuwa limeshasimama. Akalivaa. Akaubana mkono wa kulia juu ya mfuko, kama mtu mwenye kichomi, akatoka kuwapokea. Mkaguzi wa kwanza akapanda ngazi akitabasamu, akanyoosha mkono kumsalimia.