Thika, Ruiru, au Hakuna Kati ya Hao

Zacharia Wamalwa alipotangaza kwamba mkutano mkubwa wa wapenzi wa hadithi za kisayansi utaletwa Thika, chama chake kilikuwa na wanachama kumi na tisa, na wawili kati yao walikuja kwa sababu ya chai.

Hilo halikumtia wasiwasi. Zacharia alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha nguo, mtu mpole akiwa na bisibisi mkononi, lakini ukimpa kiti cha mwenyekiti aligeuka mkuu wa mkoa. Wanachama wenyewe walisema wanapenda "stori za roketi". Yeye alikataa neno hilo katakata. Zilikuwa bunilizi za kisayansi, na aliyesema roketi alitozwa kimya cha dakika nzima.

Katibu alikuwa Mwanamisi Uthman. Alichaguliwa kwa sifa moja kuu: alikuwa na taipureta. Alikodi chumba kimoja nyuma ya duka la viatu mjini Thika, akawapigia watu chapa barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba na mialiko ya harusi. Wateja wakipungua alisoma vitabu chakavu vya roketi, samahani, vya bunilizi, alivyovinunua kando ya barabara. Vingi vilikuwa vimechanika kurasa za mwisho, kwa hiyo miisho alijitungia mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anaandika. Naye hakuwahi kusema.

Kongamano lenyewe lilikuwa la Afrika Mashariki nzima, nalo lilifanyika kila baada ya miaka miwili. Mwaka wa tisini na mbili lilikuwa Kampala. Tisini na nne lingekuwa Moshi, na huko Moshi wajumbe wangepiga kura kuchagua mwenyeji wa tisini na sita. Aliyeutaka uenyeji alitakiwa kutuma ombi la maandishi, aeleze watu watalala wapi, watakula nini na watakutania wapi.

"Andika," Zacharia alisema, akitembea huku na huko chumbani kwa Mwanamisi, hatua mbili kwenda na mbili kurudi, maana chumba hakikuruhusu ya tatu. "Thika iko na vitanda mia nne ya hoteli."

"Viko wapi?"

"Andika tu, Mwanamisi. Hii ni chama ya kufikiria mbele."

"Kwa hivyo ni vitanda vya mbele."

"Kufika ninety-six zitakuwa zimejengwa."

"Na nani?"

"Wawekezaji," Zacharia alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kula nao chakula cha mchana.

Mwanamisi akaandika. Akaandika pia kwamba stima haipotei Thika, akiwa amesogeza meza dirishani apate mwanga, kwa sababu umeme ulikuwa umepotea tangu jana yake. Zacharia alipoondoka, alisoma alichoandikishwa akaona ni uongo mkavu, uongo usio na hata chumvi. Ukamsikitisha, uongo huo. Akauandika upya: akaongeza ukungu unaoshuka kwenye maporomoko ya Chania, na mji unaoamka katika "asubuhi inayonukia kahawa na nanasi". Akausoma tena kwa sauti, akapenda.

Siku nne baadaye aliingia Fahim. Huyu aliuza vipuri vya magari Ruiru, na alikuwa makamu wa mwenyekiti hadi alipogombea uenyekiti akashindwa na Zacharia, kura tisa kwa nane. Wale wawili wa chai hawakupiga. Fahim alitoka mkutanoni siku hiyohiyo akaanzisha Chama Asilia, Ruiru. Hakuna aliyeshangaa. Nchi nzima ilikuwa katika msimu wa kugawanyika, na chama ambacho hakijapasuka kilionekana hakina sera.

"Salaam aleikum, dada Mwanamisi," alisema, akafunga mlango. "Hii kazi ni siri kabisa. Ruiru inaomba uenyeji."

"Waaleikum salaam. Mna vitanda vingapi?"

Fahim alimtazama kwa makini. "Hao wengine wako na ngapi?"

"Kazi za wateja ni siri kabisa."

"Basi andika mia tano."

Mwanamisi aliandika mia tano. Fahim aliongeza kwamba mashamba ya kahawa ya Ruiru yana nafasi ya kutosha kupokea hata wageni wa kutoka sayari nyingine, wakifika na chombo chao. Mwanamisi alimwambia hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya kweli aliyoisikia wiki hiyo. Kisha akalipamba ombi la Ruiru vilevile, maana hakuona kwa nini Ruiru ikose lugha kwa sababu ya ugomvi wa wanaume wawili. Mstari wa kahawa na nanasi akaurudia. Ulikuwa mzuri, na hakutarajia kuna mtu duniani atakayesoma maombi yote mawili.

Mtu huyo alishuka Thika mwezi wa sita. Alikuwa mwalimu wa biolojia kutoka Moshi, jina lake Leila, aliyetumwa na kongamano kukagua. Zacharia alimpokea katika ukumbi mmoja pale Makongeni, akiwa amekusanya watu sitini waliovaa fulana zilizoandikwa THIKA 96. Wengi wao hawakujua tisini na sita ni ya nini. Syokau, mwanachama mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliongoza wimbo wa karibu, na mzee Mukonyo akapiga ngoma. Zacharia akahutubu. Katikati ya hotuba Leila alimwinamia mtu wa karibu, akauliza kwa upole choo kiko wapi.

Ikatokea hekaheka. Choo kilikuwapo, ila ufunguo ulikuwa na bwana mmoja aliyekwenda matanga Murang'a. Kamati ndogo iliundwa papo hapo kulitafakari jambo hilo. Mwanamisi hakuingoja, alimshika mgeni mkono akampeleka kwa Benta Akoth, jirani wa ukumbi, aliyefungua mlango bila hotuba.

"Ahsante sana, ndugu yangu," Leila alisema alipotoka. "Mchana nakwenda Ruiru. Nakuomba twende wote, kama hutojali. Naona wewe ndiye unayejua mambo yalipo."

Walipofika Ruiru walikuta fulana za RUIRU 96, watu wengine sitini, na wimbo wa karibu. Leila alisikiliza ubeti wa kwanza, akainamisha kichwa kidogo, kisha akamwendea mwimbaji.

"Samahani, dada. Si ndiye wewe uliyetuimbia asubuhi kule Thika?"

Syokau hakupepesa jicho. "Huyo ni pacha wangu."

"Na huyu mzee wa ngoma?"

"Hata yeye ako na pacha."

"Hapa Luiru mapacha ni wengi sana," mzee Mukonyo aliunga mkono kwa huzuni. "Ni maji ya hapa."

Mwanamisi aliangalia viatu vyake. Alijikaza asicheke mpaka machozi yakamlenga, na Fahim, aliyemwona, alidhani wimbo umemgusa.

Jioni wakimngoja mtu wa kumpeleka mgeni Nairobi, Leila alitoa karatasi mbili mkobani, akaziweka magotini.

"Maombi haya yameandikwa na nani?"

"Nilipiga chapa tu," Mwanamisi alisema.

"Asubuhi inayonukia kahawa na nanasi." Leila aligusa karatasi ya kwanza, kisha ya pili. "Imo huku, na huku imo. Mimi nilijitolea kuja kukagua kwa sababu ya mstari huu. Nilisema, hata kama mengine yote ni uongo, nimwone aliyeuandika."

Mwanamisi alizichukua karatasi zile, akazinyoosha kona zilizokunjika.

Mwezi wa nane walisafiri Moshi: Zacharia, Fahim, Mwanamisi na Syokau, ambaye kila upande ulimhesabu kuwa wake. Ukumbi ulijaa wajumbe zaidi ya mia mbili, madaktari, makondakta wastaafu, wanafunzi, padri mmoja, wote wakibishana kwa furaha kuhusu uzito wa mwanadamu mwezini. Zacharia alihutubu juu ya wawekezaji. Fahim alihutubu juu ya mashamba. Kila mmoja alitumia nusu ya muda wake kueleza kwamba mwenzake hana hata choo, na kwa hilo wote wawili walisema kweli.

Karatasi ya kura ilikuwa na mistari mitatu: Thika, Ruiru, Hakuna Kati ya Hao. Mstari wa tatu uliwekwa na watu wa Kampala, waliokwisha kuumwa na nyoka wa ahadi hewa, wakawa wanaogopa ung'ongo.

Matokeo yalisomwa na mwenyekiti wa kongamano, daktari mzee aliyeitwa Austine. Thika, kura arobaini. Ruiru, thelathini na tisa. Hakuna Kati ya Hao, mia moja thelathini na moja.

"Tumewashinda Ruiru!" Zacharia alipiga kelele, akaruka juu.

"Zihesabiwe tena!" Fahim alisimama. "Kura moja? Kura moja hiyo ni wizi!"

Ukumbi ulicheka hadi watu wakashikana mabega. Daktari Austine alingoja utulie, akafafanua kwamba, kwa mujibu wa kanuni, mkutano sasa unapokea pendekezo lolote kutoka kwa mjumbe yeyote. Hakuna aliyetaka mzigo huo. Leila alikuwa amekaa safu ya mbele. Aligeuka akamtafuta Mwanamisi kwa macho.

Mwanamisi alijikuta amesimama.

"Naitwa Mwanamisi, natoka Thika. Hayo maombi mawili yote niliyaandika mimi. Niliambiwa niseme mia nne na mia tano, nikasema. Mjini kuna vitanda sitini na viwili vya lodging. Kumi na kimoja kati ya hivyo siwezi kumlaza juu yake hata adui. Wengine mtalala majumbani kwetu, Makongeni na Ngoingwa, na mtoto wa mwenye nyumba atawauliza maswali usiku kucha. Ukumbi unaingia watu mia mbili na hamsini. Ikinyesha, mia mbili." Watu walianza kucheka, akangoja. "Chakula kitapikwa na akina mama wa mtaa, halali na kisicho halali kila kimoja na sufuria yake. Choo kipo. Ufunguo nitaushika mimi. Stima inapotea. Nanasi ni za kweli."

Akakaa. Hakukumbuka kusema ahsante.

Kura zilipigwa kwa mikono: mia moja ishirini na nne wakakubali, sabini na mmoja wakakataa, waliobaki walikuwa wameshaenda kula. Zacharia na Fahim walikumbatiana. Walikumbatiana kwa muda mrefu hivi kwamba mpiga picha aliwapiga picha mbili, na Mwanamisi hayumo hata katika moja.

Katika basi la kurudi, kabla hawajafika Namanga, kamati ilikuwa imekamilika. Zacharia, mwenyekiti. Fahim, mwenyekiti mwenza. Mwanamisi, katibu msaidizi.

"Msaidizi wa nani?" aliuliza.

"Tutatafuta katibu wa kiwango," Fahim alimwambia. "Hii kitu sasa ni kubwa, dada. Ni ya kimataifa."

"Usijisikie vibaya," Zacharia aliongeza. "Umetusaidia sana."

Mwanamisi alifungua mkoba akampa Zacharia karatasi iliyotiwa muhuri, aliyokabidhiwa na Leila asubuhi ile. Zacharia aliisoma, akairudia, akampa Fahim. Iliandikwa kwamba uenyeji wa kongamano la mwaka 1996 umepewa Bi Mwanamisi Uthman wa Thika, pamoja na wale atakaowachagua.

Syokau, kiti cha nyuma, alianza kuimba chinichini wimbo wa karibu.

"Ngai," Zacharia alinong'ona, akiazima jina la Mungu kwa majirani zake. "Sasa utatuchagua?"

Angeweza kuwajibu kwa namna nyingi, na zote zilimpitia. Lakini aliwatazama, wanaume wawili wazima wenye fulana za rangi tofauti, wote waliokuwa wamevuka mpaka na kulala kwenye benchi kwa ajili ya hadithi za kubuni, akaona kwamba huko Thika nzima asingepata wengine.

"Wewe utapokea wageni," alimwambia Zacharia. "Unapenda kuongea. Fahim atashika magari. Hotuba ya ufunguzi ni dakika kumi."

"Kumi na tano," Zacharia alisema.

Kongamano lilifanyika mwezi wa nane mwaka wa tisini na sita, katika baridi na manyunyu. Walikuja watu mia moja themanini na watatu. Hotuba ya dakika kumi ilichukua saa moja na robo. Gari moja la Fahim lilizima Juja, akaliinamia mwenyewe na suti yake, akaliwasha. Wageni wa Kampala walivaa blanketi za Benta kama mashuka ya Wamasai na kulalamika kwamba hawakuambiwa Kenya iko karibu na Ulaya. Gazeti moja lilituma mwandishi, akaandika kuhusu Zacharia.

Siku ya pili mchana, Mwanamisi alikuwa mezani mlangoni, akipanga majina. Kando yake wasichana wawili, mmoja wa Jinja na mwingine wa Ruiru, walikuwa wakigombana: watu wakihamia sayari nyingine, je, wafu wao watazikwa huko, au lazima warudishwe nyumbani?

"Warudishwe," alisema wa Jinja. "Utamwachaje babako kwenye mchanga mwekundu, peke yake?"

"Lakini watoto wake wako huko! Watazuru kaburi namna gani?"

Mwanamisi alijaribu kuendelea na majina. Alifika herufi ya N, akaona ameandika jina moja mara mbili. Akaweka kalamu chini, akavuta kiti.

"Inategemea," alisema, "mtoto wa kwanza amezaliwa wapi."

Wasichana wakamgeukia. Watu wanne walikuwa wamejipanga mlangoni wakingoja kuandikishwa, na mmoja wao, badala ya kulalamika, akasogea karibu asikie.